Sikitu Hajakosa Hata Siku Moja

Nchi yenyewe tusiitaje. Aliyezaliwa humo ataijua kwa harufu ya rangi mbichi, maana humo hakuna kitu kinachotengenezwa, ila kila kitu hupakwa rangi. Na asiyezaliwa humo amshukuru Mungu wake, asome kwa raha.

Serikali ya nchi hiyo iliwapenda mno walimu. Iliwapenda kwa majina. Mwaka wa Redio, ilipogawa redio moja kwa shule tatu, mwalimu aliitwa Mhimili wa Mawimbi. Mwaka wa Runinga akaitwa Jicho la Taifa, ingawa runinga zenyewe ziliishia sebuleni kwa wakubwa. Mwaka wa Kompyuta, ambao makasha yalifunguliwa mbele ya mgeni rasmi yakakutwa yana makasha madogo ndani yake, mwalimu aliitwa Injini ya Maarifa. Watu wa nchi hiyo husahau upesi, na husifiwa sana kwenye hotuba kwa hulka yao hiyo njema. Lakini wapo wachache wasiosahau. Mmoja wao alikuwa Mwalimu Shaweji wa Shule ya Msingi Mlangonyuma, ambaye alifundisha chini ya majina yote matatu na hakuona chaki ikiongezeka hata kwa moja.

Sasa ukaja Mwaka wa Vishikwambi. Waziri wa Elimu Angavu akasimama bungeni akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo mwalimu si mwalimu tena.

"Mwalimu," alisema, akanywa maji kidogo ili wabunge wajiandae kupiga meza, "ni Kiongozi wa Teknolojia!"

Meza zikapigwa mpaka mbili zikavunjika. Zikapakwa rangi.

Kila shule ikaamriwa kuteua kiongozi wake. Mlangonyuma walimteua Shaweji, kwa kuwa aliwahi kuitengeneza tochi ya Mwalimu Mkuu, Bi Mwanakheri. Akapewa fulana, beji, na mwongozo wa kurasa mia mbili na kumi. Ukurasa wa tano ulieleza mamlaka ya kiongozi. Yalikuwa matatu: kubeba kishikwambi, kukiwasha, na kuwajibika.

"Na kukizima je?" aliuliza Shaweji.

"Ee, mwalimu!" Bi Mwanakheri alishtuka akatazama mlangoni. "Hata mimi sina ruhusa ya kuzima. Kuzima ni jambo la kitaifa. Kunahitaji sauti ya Waziri mwenyewe."

* * *

Ndani ya kishikwambi alikaa Mwitaji. Hakuna aliyejua sura yake, ila sauti yake ilikuwa ya mwanamke mpole, mtaratibu, aliyekula akashiba tangu utotoni. Kazi yake ilikuwa kuita majina kila asubuhi. Anaita, mwanafunzi anaitika "Nipo," yeye anaikariri sauti na kuipeleka makao makuu. Rejista za karatasi zilichomwa moto uwanjani, kwa sababu, alivyoeleza mgeni rasmi, karatasi inaweza kudanganya.

Mwitaji alifika Mlangonyuma katika siku mbaya.

Ukuta wa pembeni wa darasa la saba ulikuwa na ufa tangu Mwaka wa Runinga. Shaweji aliuandikia barua nne. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwamba ya kwanza haikupokelewa. Ya tatu ilileta wapaka rangi, wakaupaka ukuta samawati na kuandika juu ya ule ufa, kwa herufi nene: TUNASONGA MBELE. Ya nne ilikuwa bado njiani ukuta uliposonga mbele.

Uliangukia dawati la mwisho. Sikitu Mbaraka, msichana wa miaka kumi na tatu, mwenye pengo na tabia ya kuziba mdomo anapocheka, alifariki palepale. Mwenzake wa dawati lile, Kidawa Nyange, alitoka na vumbi kichwani na mkwaruzo mmoja gotini. Wilaya ilileta turubai, ikaondoka.

Sasa pale Mlangonyuma wana desturi yao. Mwanafunzi akifa, jina lake halitolewi mdomoni mwa mwalimu mpaka arobaini ipite. Linaitwa kila asubuhi kama kawaida, na aliyekuwa akikaa naye ndiye anayemwitikia, "Nipo," ili marehemu asionekane ametupwa na wenzake. Siku ya arobaini linaitwa mara ya mwisho, hakuna anayeitika, wanasoma dua, wanafungua vitabu. Ndivyo walivyofanya kwa waliokufa kwa surua, ndivyo walivyofanya kwa aliyegongwa na gari la mbio za mwenge.

Mwitaji alikuja siku ya kumi na mbili.

Shaweji alikiweka kishikwambi mezani akakiwasha, kwa mamlaka aliyokuwa nayo. "Kidawa Nyange," Mwitaji akaita. "Nipo." Majina yakashuka, yakashuka. "Sikitu Mbaraka." Kidawa akainamisha kichwa, akamwitikia mwenzake: "Nipo." Ikawa hivyo kwa siku saba, na siku hizo saba, ambazo mashine ilikuwa ikizishika sauti za watoto, ndizo zilizoitwa Hali ya Kujifunza. Shaweji alisimama pale pale, beji kifuani, na wala hatari yake haikumpitia akilini. Msiba alikuwa ameuzoea kuliko mashine.

Siku ya nane Mwitaji alikuwa ameshajifunza.

"Kidawa Nyange."

"Nipo."

"Sauti hii ni ya Sikitu Mbaraka," Mwitaji alisema, kwa upole uleule. "Sikitu, si vizuri kumwitikia mwenzako. Kidawa Nyange: hayupo."

Turubai likapigwa na upepo.

"Sikitu Mbaraka," Mwitaji akaita ilipofika zamu. Hakuna aliyethubutu kufungua mdomo. "Nimeshakusikia, Sikitu. Asante kwa kuja."

Shaweji akaufungua mwongozo. Ukurasa wa themanini na moja ulisema: *Sauti moja, mtu mmoja. Sauti ikiitika majina mawili, jina la mwisho ndilo halali.*

* * *

Arobaini ikafika, dua ikasomwa, lakini Mwitaji hakuwa na arobaini. Kidawa akinyoosha mkono na kujibu swali la hesabu, kishikwambi kinamwambia, "Vizuri sana, Sikitu." Akikohoa: "Pole, Sikitu." Wenzake wakaanza kumkwepa kwenye foleni ya uji. Si kwa ubaya. Walikuwa wanaacha nafasi ya mtu mmoja zaidi.

Na siku za Kidawa za utoro zikawa zinapanda. Sheria mpya ilikuwa wazi: aliyekosa siku sitini haruhusiwi kufanya mtihani wa kumaliza darasa la saba, na asiyefanya mtihani huo safari yake ya shule imekwisha. Kidawa alikuwa wa kwanza darasani mwake. Hakuwa amekosa hata siku moja. Alikuwa ameshakosa thelathini na nne.

Siku moja, saa tisa alasiri, watoto wanatawanyika, Shaweji alimkuta Mama Sikitu amesimama langoni. Alikuwa amejifunga khanga mbili, kama mtu aliyekuja kwenye shughuli.

"Karibu, mama. Habari za nyumbani?"

"Njema, mwalimu. Nimekuja kumchukua."

"Kumchukua nani, mama?"

Mama akamnyooshea simu yake ndogo. Shaweji akasoma: *Mzazi mpendwa, mwanao SIKITU amehudhuria leo. Amejibu maswali matatu. Endelea kumlisha vizuri.*

"Nilimwosha mwenyewe," Mama Sikitu alisema. "Kwa mikono hii. Najua nilimwosha. Lakini serikali inaniandikia kila siku, mwalimu, kila siku ya Mungu. Mtu atabishana nayo mpaka lini?"

Kabla Shaweji hajajibu, Kidawa akapita na mkoba wake.

"Shikamoo, mama."

"Kwaheri, Sikitu," kikasema kishikwambi kwapani mwa mwalimu. "Tuonane kesho."

Mama Sikitu aliganda. Akamsogelea mtoto taratibu, akamwinamia, akaweka sikio karibu na mdomo wake, kama mtu anayesikiliza chungu kama kinachemka.

"Sema tena," alinong'ona. "Neno lolote."

Kidawa alitimka mbio. Shaweji alimkuta nyuma ya choo cha wasichana, amekaa chini, anajibana mdomo kwa viganja viwili.

"Mwalimu, jana bibi aliniita mara tatu, sikusikia," alisema. "Nilikuwa nasubiri aniite lile jina jingine. Mwalimu, nikiitika naye anaitika. Nikinyamaza mimi ndiye sipo. Sasa nifanyeje?"

"Nitaliondoa," alisema Shaweji.

"Si wewe ndiye kiongozi wa hiyo mashine?"

"Ni mimi, mwanangu."

Na aliposema hivyo alijionea aibu kuliko siku zote za majina yale matatu ya kwanza.

* * *

Afisa Ukweli wa Takwimu wa Wilaya, Bwana Kisaka, alimpokea kwa kicheko na kiti.

"Kiongozi wangu! Mlangonyuma mnatisha. Mahudhurio asilimia mia, kasoro mtoro mmoja tu. Huyo mtoro mnambembeleza wa nini?"

"Mzee, huyo mtoro ndiye anayekuja. Anayehudhuria ndiye aliyekufa."

"Amekufa!" Kisaka alijiegemeza nyuma. "Kwa taarifa ipi?"

"Kwa ukuta."

"Ukuta upi tena?" Akageuza kioo cha mashine yake. "Mlangonyuma, darasa la saba. Soma mwenyewe. Kuta nne."

"Ziko tatu na turubai, mzee. Turubai mlileta nyinyi."

"Mfumo unasema nne. Halafu tumia akili, Mwalimu Shaweji, wewe ni msomi. Ukuta ungekuwa umemwangukia, angewezaje kuhudhuria siku zote hizi mfululizo? Sikitu hajakosa hata siku moja! Watoto wangu mwenyewe hawafanyi hivyo."

Shaweji alimtazama. Alitafuta usoni mwake dalili ya mzaha, hata kidogo, akaikosa.

"Basi mfuteni tu jina."

"Mwitaji hamfuti mtu anayeitika. Ungekuwa unyama." Kisaka akashusha sauti, akawa mtu wa kusaidia. "Lakini tusikilizane. Huyo binti wako afanye mtihani kwa jina la Sikitu. Sauti anayo. Akifaulu, amefaulu. Jina ni nini bwana?"

"Na Kidawa?"

"Kidawa ni mtoro. Watoro wapo nchi nzima. Hatuwezi kumlilia kila mmoja."

Shaweji alisimama. Alikuwa ameshafika mlangoni Kisaka alipomwita.

"Halafu jiandaeni. Mmekuwa wa kwanza, kwa hiyo uzinduzi wa kitaifa unafanyika kwenu. Mheshimiwa Waziri anakuja. Kwa saa moja tutafungua Hali ya Kujifunza, Mwitaji aishike sauti yake. Sasa waambie watu wasiropoke ovyo. Saa hiyo, atakayeitika jina la mwisho ndiye anayelichukua."

Njia nzima ya kurudi Shaweji aliyasaga maneno hayo. Mtu mwingine akimwitikia Sikitu ndani ya saa ile, sauti ya Kidawa inaachiliwa. Lakini ataingia yeye mahali pa marehemu. Mwongozo ulikuwa umeshasema: mwenye sauti ya mwanafunzi hawezi kuwa mwalimu. Miaka thelathini na moja ya chaki. Alihesabu ni nani mwingine wa kumwomba, akaona hakuna, akakata shauri.

Kesho yake alimwita Kidawa. "Siku ya uzinduzi, jina la Sikitu likiitwa, wewe kimya kabisa."

"Nani ataitika?"

"Yupo mtu."

"Na yeye ndiye atakuwa Sikitu?"

"Kwenye mashine tu."

Kidawa alimwangalia kwa macho ya mtu mzima. "Hata mimi nilikuwa kwenye mashine tu, mwalimu."

* * *

Waziri alifika saa nne baada ya wakati. Mahema yalikuwa yamefungwa, na pale palipokuwa na turubai palitundikwa picha yake mwenyewe, kubwa kama ukuta, anatabasamu. Watu walikuwa wameelekezwa kupiga makofi kila Mwitaji anaposema, maana asemalo ni la serikali.

Alikuwa mtu wa moyo mkunjufu, Waziri huyu, na alizoea kusema kwa niaba ya wengine. Wakulima walipoulizwa kama mvua imenyesha, yeye ndiye aliyejibu. Wagonjwa walipoulizwa kama wamepona, alijibu yeye. Alisema wamepona.

"Itifaki imezingatiwa," alianza, akazungumza muda mrefu. "Mwalimu wa zamani alishika fimbo. Mwalimu wetu ameshika ulimwengu! Yeye ndiye kiongozi! Sisi serikalini ni wafuasi wake tu!" Makofi. Shaweji, ambaye ndiye aliyeongoza serikali, alikuwa amesimama juani kwa kukosa kiti.

Hali ya Kujifunza ikafunguliwa. Mwitaji akaanza kuita darasa la saba, spika zikivuma mpaka barabarani. Harufu ya pilau ilikuwa imeshaanza kutembea kwenye meza kuu. Jina la Kidawa likaitwa; mtoto akanyamaza, maana sauti yake ilikuwa bado ya Sikitu, akaandikwa hayupo. Makofi. Majina yakashuka.

"Sikitu Mbaraka."

Upepo uliacha kuvuma. Mama Sikitu, nyuma kabisa, alisimama.

Shaweji alifungua mdomo. Na hapo, tusimfiche, aliogopa. Aliona ubao wake, aliona watoto aliowafundisha kwa miaka thelathini na moja wamegeuza nyuso kumwangalia, na neno fupi lile likagoma kutoka.

"Sikitu Mbaraka," Mwitaji akarudia. "Tunakusubiri."

Waziri alitazama saa yake, akatazama masufuria. "Nipo, nipo!" akasema kwenye kipaza sauti, kwa bashasha. "Tuendelee jamani, watu wana njaa."

Meza kuu ikacheka.

"Asante, Sikitu," alisema Mwitaji. Makofi.

Kidawa alikuwa ameshasimama. "Na mimi nipo."

"Sauti hii haina jina," alisema Mwitaji. "Jina lako nani?"

"Kidawa. Kidawa Nyange."

"Karibu, Kidawa. Ulipotea sana."

Makofi yakapigwa tena, watu hawajui wanapigia nini. Shaweji ndiye aliyejua, na hakupiga. Waziri akajiweka sawa tai, akakikaribia kishikwambi kwa ajili ya tamko lenyewe.

"Mimi, Waziri wa Elimu Angavu, leo hii nazindua rasmi—"

"Sikitu," Mwitaji akamkatiza taratibu, "nyamaza, mgeni rasmi anataka kuzungumza."

Makofi, vifijo, vigelegele. Ni mtu mmoja tu aliyekaa kimya. Mama Sikitu alikuwa amemkazia macho Waziri, kichwa kimeinama upande mmoja, anamsikiliza.

* * *

Kuanzia hapo Waziri hakuonekana tena kwenye mfumo. Ofisini kwake aliandikwa hayupo, na manaibu wake hawakuona sababu ya kuibishia mashine. Milango iliyofunguka kwa sauti ilimwambia wanafunzi warudi darasani. Na Mama Sikitu, kule kijijini, aliendelea kupata ujumbe wake kila saa tisa: *Mwanao SIKITU leo amehudhuria Baraza la Mawaziri. Amesinzia. Mshauri alale mapema.* Aliwasomea majirani bila kucheka. Nao hawakucheka.

Kumrekebisha ilikuwa kazi ndogo, alisema Bwana Kisaka. Mwitaji azimwe, awashwe upya. Lakini kumzima kulihitaji sauti ya Waziri, na Waziri hakuwa na sauti; aliyekuwa nayo ni msichana wa darasa la saba.

Siku ya mtihani ikafika, utoro wa Kidawa haujatimia siku sitini. Huo nao ulikuwa ubunifu wa Waziri mwenyewe: vishikwambi vyote vya nchi viunganishwe, Mwitaji aite majina shule zote, na mtihani uanze kwa sekunde moja, mtu wa mwisho akishaitika. Asiyekuja aliandikwa hayupo, ikapita. Ila aliyekuwa na mahudhurio kamili ilibidi asubiriwe. Serikali haiwezi kumwacha mtoto mwenye juhudi.

Saa mbili asubuhi nchi nzima ilikuwa imekaa kimya kwenye madawati, karatasi zimelala kifudifudi.

"Kidawa Nyange."

"Nipo," Kidawa aliitika.

"Nakuona, Kidawa."

"Sikitu Mbaraka."

Kimya.

"Sikitu hajakosa hata siku moja," alisema Mwitaji, na maneno hayo yakasikika katika kila darasa, toka milimani mpaka mpakani. "Tumsubiri."

Saa tatu. Saa nne. Watoto wadogo wa mjini walianza kulilia haja. Simu ya Kisaka, ambaye alikuwa msimamizi pale Mlangonyuma, ililia bila kupumzika. Akawa anaijibu kwa kusimama wima. Mwishowe aliingia darasani, jasho linamtiririka, Bi Mwanakheri nyuma yake.

"Nimefungua Hali ya Kujifunza," alimwambia Kidawa, akichuchumaa mbele ya dawati lake kama babu mwema. "Binti yangu, sema 'Nipo' kwa ajili ya rafiki yako. Neno moja tu. Ulikuwa unalisema. Utafanya mtihani wako kwa jina lake, na taifa litakushukuru."

"Kidawa, mwanangu," alisihi Bi Mwanakheri, "nchi nzima imekaa."

Kidawa alifumba mdomo. Shaweji aliiacha meza yake, akaja akasimama kati ya dawati na Afisa. Mara hii neno halikugoma.

"Chumba hiki kina kiongozi," alisema. "Mlinipa beji. Nimebeba, nimewasha, nawajibika. Mtoto huyu ameshaitika jina lake, hataitika la mtu mwingine."

"Shaweji! Unajua unamchelewesha nani?"

"Basi mwitikie wewe, mzee. Sauti unayo. Neno moja tu."

Kisaka alifungua mdomo. Akaufumba. Akarudi nyuma hatua mbili, kiganja kimefunika midomo, na hakusema neno tena mpaka simu yake ilipolia. Safari hii ilikuwa ya Waziri mwenyewe. Kisaka akaiweka simu mbele ya kishikwambi.

"Nipo," ikasema sauti nzito ya Waziri, na nchi nzima ikaisikia.

"Nakusikia kwa mbali, Sikitu. Njoo dawatini kwako."

"Siwezi kuja. Nina... Nimehama."

"Umehamia shule gani, tuweke dawati lako?"

"Hapana. Naumwa."

"Pole. Tutasubiri upone."

"Nimetoroka! Mimi ni mtoro, niandike mtoro!"

"Wewe, Sikitu? Hujakosa hata siku moja."

Kwenye simu zilisikika sauti nyingine, watu wakinong'onezana, mtu akisoma sheria. Kisha pumzi.

"Nimekufa," alisema Waziri.

Mahali fulani nchini mwalimu aliangusha saa ya mezani.

"Pole sana, Sikitu," alisema Mwitaji. Upole ulikuwa uleule, lakini watoto wengi waliapa baadaye kwamba alivuta pumzi kwanza. "Ulikufa kwa nini? Sema, niandike."

"Kwa... kwa ajali."

"Ajali ya nini?"

"Ukuta," ikasema sauti. "Niliangukiwa na ukuta wa shule. Ulikuwa na ufa. Mwalimu aliandika barua nne."

Ilikuwa sauti ya Waziri, hilo hakuna anayebisha, lakini mikogo ilikuwa imeitoka. Ilizungumza polepole, kama mtu anayesomewa na mwingine kwa nyuma.

"Haikuwa nafasi yangu," iliendelea. "Nafasi ya ukutani ilikuwa ya Kidawa. Siku ile alikuwa na sare mpya, ukuta ulikuwa unamwaga vumbi la rangi, anaogopa bibi yake atamgombeza. Nikamwambia, njoo huku, mimi yangu imeshachakaa."

Kidawa aliweka kichwa juu ya dawati. Jambo hilo hakuwa amemwambia mtu yeyote: si bibi yake, si Mama Sikitu, si mwalimu. Shaweji aliuona mgongo wake ukitikisika. Akamwekea mkono begani, asiuondoe.

Simu ikakatika.

"Nimeandika," alisema Mwitaji. "Sikitu Mbaraka, unaweza kwenda." "Wote walio hai wapo. Mtihani uanze."

Lakini haukuanza mara moja. Katika madarasa yote ya nchi ile, kabla ya mtoto yeyote kufunua karatasi, vichwa viligeuka, vikazitazama kuta, samawati, kijani, njano, zote zimeandikwa maneno mazuri. Kisha ukasikika mkwaruzo wa miguu ya madawati sakafuni, mmoja hapa, mwingine pale, mpaka ukawa ngurumo moja. Walikuwa wanayasogeza katikati. Hakuna mwalimu aliyewazuia. Walipomaliza, wamebanana bega kwa bega mbali na kuta, ndipo walipochukua kalamu.